Kabla hujalipa, ipande: jinsi ya kujaribu na kuchagua pikipiki inayofaa njia yako

Fedha ya mazao huingia mara moja na hutoka mara moja. Mkulima wa korosho wa Tunduru hulipwa baada ya minada inayoanza mwezi Oktoba. Mwenzake wa kahawa kule Mbinga huvuna katikati ya mwaka, na wa mahindi wa Songea vijijini husubiri bei itulie. Fedha ikishaingia kwenye simu au benki, madalali wa pikipiki nao wanakuwa wameshajua.

Ndiyo maana katika miezi hiyo swali linaloingia sana kwenye simu ya studio yetu ni moja: ninunue ipi? Boxer au TVS? Cc 100 au 150? Mpya ya dukani au iliyotumika? Ndugu msikilizaji, dakika za redioni hazitoshi kulijibu swali hilo, kwa hiyo tumeliandika hapa ulisome taratibu na ulihifadhi kwenye simu yako.

Jibu fupi ni hili: pikipiki haichaguliwi kwa jina lililoandikwa kwenye tangi. Inachaguliwa na njia unayopita, mzigo unaobeba na mwili wako wewe unayeiendesha. Mambo hayo matatu huwezi kuyajua kwa kuitazama imeegeshwa. Lazima uipande. Pikipiki ni mavuno ya mwaka mzima, na ni uhai wa mtu utakayempakia nyuma. Saa mbili za majaribio si nyingi.

Tunazungumzia pikipiki gani?

Makala haya yanahusu pikipiki za wazi, yaani zile ambazo injini yake unaiona kwa macho na mbele hazina mabodi makubwa ya plastiki ya kukinga upepo. Karibu zote tunazotumia vijijini kwetu ni za aina hiyo: Boxer, TVS, Honda, Haojue, SanLG, Fekon na nyinginezo.

Uwazi huo una faida kubwa kwetu. Injini nyingi za pikipiki hizi hupozwa kwa upepo tu, kwa hiyo inasaidia upepo kuifikia moja kwa moja. Fundi anaifikia plagi, kabureta na cheni bila kufungua vitu vingi. Ukianguka kwenye tope, hakuna plastiki ya bei kubwa ya kuvunjika. Na mnunuzi naye anafaidika, kwa sababu oili inayovuja, nati iliyokosekana au sehemu iliyochomelewa haina pa kujificha.

Hasara yake ni kwamba upepo wote, mvua na vumbi vinapiga kifua chako. Nguvu ya upepo hukua upesi kuliko mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Anayesafiri kutoka Songea kwenda Namtumbo kwenye lami analijua hilo, hasa anapopishana na malori ya makaa ya mawe. Lori linakuja, upepo unakugonga, na pikipiki nyepesi inayumba. Kwa hiyo kama safari zako nyingi ni za lami ndefu, unapojaribu angalia sana jinsi pikipiki inavyotulia kwenye upepo. Mbio zake zisikuvutie sana.

Njia yako ndiyo inayochagua

Mkoa wa Ruvuma peke yake ni darasa tosha. Vilima vya Umatengo ni vikali, na njia nyingi za kwenda mashambani ni udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha. Tunduru kwa sehemu kubwa ni tambarare, yenye umbali mrefu na mchanga katika njia za ndani. Wa Nyasa anashuka mlima kuelekea ziwani, na kesho yake anaupanda huo huo. Watu hawa watatu wakinunua pikipiki ya aina moja kwa sababu tu kila mtu anayo, angalau mmoja wao atajuta.

Injini ya cc 100 ya aina hizi kwa kawaida hutoa nguvu za farasi kama 8. Ya cc 150 hutoa kama 12. Kwa mwalimu anayekwenda shuleni peke yake kilomita sita za tambarare, farasi nane wanamtosha na mafuta anaokoa. Kwa anayepanda mlima na gunia la kahawa nyuma, cc 100 itambidi aishi kwenye gia ya kwanza, injini ikipiga kelele na kupata joto. Injini inayofanyishwa kazi ya juu kila siku huchakaa mapema. Tena milimani hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Pikipiki iliyokuwa na nguvu Mtwara itakuwa imepungukiwa ikifika Mbinga.

Lakini nguvu nazo zinalipiwa. Chukua mfano wa anayetembea kilomita 80 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa lita moja itatumia lita 1.33 kwa siku. Inayokwenda kilomita 45 kwa lita itatumia lita 1.78. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa mwezi ni karibu lita 11 na nusu. Zidisha kwa bei ya petroli kijijini kwako, ile ya kwenye chupa, ndipo uamue kama mlima wako unazihitaji hizo cc 150.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau: leseni. Hapa Tanzania daraja A1 ni la pikipiki ndogo, za injini isiyozidi cc 125. Ikizidi hapo unahitaji daraja A. Ukinunua ya cc 150 huku leseni yako ni A1, umenunua na ugomvi wa barabarani.

Mwisho ni mwili wako. Ikalie pikipiki ikiwa haijawashwa. Je, miguu yote miwili inagusa chini vizuri? Je, unaweza kuisukuma kurudi nyuma ukiwa umekaa? Je, vidole vinafika kwenye breki na klachi bila kujinyoosha? Mhudumu wa afya au mama mfanyabiashara mwenye umbo dogo asikubali kuambiwa "utazoea". Njia ikiwa na utelezi, mguu usiofika chini ndio unaoangusha pikipiki.

Ifikie ikiwa ya baridi

Sasa umepata pikipiki iliyotumika. Mwambie muuzaji kwamba utakuja asubuhi na kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, jambo la kwanza kabla hata ya salamu kuisha, sogeza mkono karibu na injini usikie joto. Ikiwa ina moto, jiulize kwa nini ilipashwa. Injini yenye shida ya kuwaka huwaka kirahisi ikishapata joto, na muuzaji anajua hilo. Ikiwa ya moto, subiri ipoe au rudi siku nyingine.

Kabla ya kuiwasha, fanya haya:

Kanyaga kiki taratibu kwa mkono au mguu. Ikiwa injini ina mgandamizo mzuri, kiki itakukatalia kidogo kabla ya kupita. Ikishuka tu kama pedeli ya baiskeli isiyo na cheni, mgandamizo umepungua, na hapo unazungumzia ringi, pistoni au valvu.

Chomoa kijiti cha oili au fungua kifuniko chake. Oili nyeusi inaonyesha kwamba imetumika muda mrefu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha kwamba maji yameingia ndani, na pikipiki zinazovushwa mito zina hatari hiyo.

Tazama cheni na meno ya sproketi. Meno yaliyochongoka na kulala upande mmoja kama ndoano yameisha. Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea kwako. Ikiachia nafasi ya karibu nusu ya jino, cheni na sproketi zote ni za kubadilisha, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mwenzako akandamize nyuma ili tairi la mbele linyanyuke. Geuza usukani polepole kulia na kushoto. Ukisikia unakwama kidogo katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekufa. Kisha shika gurudumu la nyuma ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma au beringi za gurudumu zimelegea.

Pangusa miguu ya mbele ya shokapu kwa kitambaa safi, kisha bonyeza usukani chini mara tano. Ukiona utelezi wa oili, sili zimepasuka.

Kagua fremu, hasa shingoni na pale shokapu za nyuma zinaposhikiliwa. Rangi mpya sehemu moja tu, au alama ya kuchomelea, ina hadithi yake. Mwombe muuzaji akusimulie.

Soma tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na vidole virefu na bado mpira wake ukawa mzee na kupasuka pasuka.

Wala usihukumu kwa kilomita zilizoandikwa kwenye saa. Waya wa saa hukatika, na wengine huuchomoa makusudi. Tazama mpira wa kukanyagia, pedeli ya gia na mpira wa mikono. Saa ikisema kilomita 8,000 na mpira wa kukanyagia umeisha mpaka chuma, amini mpira.

Kisha washa. Moshi mweupe kidogo wakati wa asubuhi yenye baridi, unaotoweka baada ya dakika chache, ni mvuke tu. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, na tiba yake huwa ni kufungua injini. Moshi mweusi ni petroli nyingi mno au chujio la hewa lililoziba, na hilo kwa kawaida ni tatizo dogo. Mlio mwepesi wa ti-ti-ti juu ya injini mara nyingi ni valvu zinazohitaji kurekebishwa. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaoongezeka ukivuta mafuta, ni wa kukuondoa hapo.

Makubaliano kabla ya kuipanda

Muuzaji naye ana hofu yake, na ni ya haki. Watu wamepewa pikipiki kujaribu wakapotea nayo moja kwa moja. Kwa hiyo njoo na mtu mnayeaminiana, abaki na muuzaji, au muuzaji mwenyewe akae nyuma yako. Kubalianeni kwa maneno ya wazi, mbele ya shahidi, nani atalipa ikianguka na mtapita njia gani. Hakikisheni bima iko hai.

Wewe nawe ujilinde. Vaa kofia ngumu, viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu. Jaribu mchana. Usikubali kupelekwa peke yako mahali pasipo na watu na mtu usiyemjua, huku fedha ya pikipiki iko mfukoni. Fedha ibaki benki au kwenye simu mpaka karatasi zikamilike.

Na uliza mpangilio wa gia kabla hujaondoka. Kuna pikipiki ambazo gia zote hukanyagwa mbele, na zipo ambazo ya kwanza hukanyagwa chini na zilizobaki hupandishwa juu. Aliyezoea moja akipanda nyingine bila kuuliza anaweza kupunguza gia akidhani anaongeza, gurudumu la nyuma likajifunga.

Njia ya majaribio: tambarare, mlima, mteremko

Dakika tano za kuzunguka uwanja wa mpira hazikuambii kitu. Tafuta njia yenye vipande vitatu: tambarare, mlima, na sehemu mbaya yenye mashimo au makorongo madogo. Panda peke yako kwanza, kisha na mzigo.

Kwenye tambarare, ongeza gia moja moja mpaka ya mwisho. Kila gia iingie bila kulazimishwa na isijichomoe yenyewe ukivuta mafuta. Ukiwa gia ya juu kwa mwendo wa wastani, vuta mafuta kwa mkupuo. Injini ikipandisha sauti lakini mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Mahali pasipo na watu wala magari, legeza mikono kidogo bila kuiachia usukani. Pikipiki ikivuta upande mmoja, magurudumu hayako kwenye mstari, au fremu imepinda kwa ajali.

Kisha breki. Kwenye ardhi kavu, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, jaribu ya nyuma peke yake, kisha ya mbele peke yake taratibu, kisha zote mbili. Ukifunga breki uzito wote husogea mbele, kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Pikipiki nyingi vijijini breki yake ya mbele imelegezwa au imekufa kwa sababu watu wanaiogopa. Ni kweli kwamba kwenye changarawe na tope unaitumia kwa upole sana, lakini kuwa nayo ni lazima. Kumbuka kwamba mwendo wa 30 unakwenda mita 8 kwa sekunde, na mwendo wa 60 karibu mita 17. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unakuwa mara nne. Mtoto akikatiza barabara mbele ya zahanati, umbali huo ndio kila kitu.

Sasa pakia mzigo wako wa kweli. Kama utakuwa unabeba abiria, mpakie mtu mzima mmoja, naye avae kofia ngumu. Mmoja tu, mishikaki si majaribio, ni kosa la sheria. Kama utabeba mazao, funga gunia kwenye keria kwa uzito ule utakaobeba siku zote, usiozidi ule ulioruhusiwa kwenye kitabu cha pikipiki. Nenda mlimani. Simama katikati ya mlima, kisha anza kupanda upya kwa gia ya kwanza. Hapo ndipo klachi iliyochoka inapojulikana, na ndipo cc 100 na cc 150 zinapotofautiana waziwazi. Sikiliza pia kama mbele inakuwa nyepesi mno. Keria iliyorefushwa nyuma huweza kuunyanyua usukani mlimani ukapoteza mwelekeo.

Mteremko ni mtihani mkubwa kuliko mlima. Shuka na mzigo ule ule ukiwa gia ya pili, ukiiacha injini ikuzuie, na breki ukizitumia kwa vipindi. Usishuke na gia huru kwa kuokoa mafuta. Hivyo ndivyo breki zinavyopata moto na kukataa. Chini kabisa, simama. Kama umelazimika kukanyaga kwa nguvu zote ndipo ikasimama, tatizo hilo litatuliwe kabla hujalipa. Ukivuta mafuta baada ya mteremko mrefu, mwombe mwenzako atazame ekzosi. Wingu la moshi wa bluu hapo linaonyesha kwamba oili inapenya kwenye valvu.

Kwenye sehemu mbaya, pita polepole ukisikiliza. Shokapu zikigonga mwisho kwa kishindo ukiwa na mzigo, zimechoka au ni dhaifu kwa kazi yako. Ukirudi, zima injini na usubiri dakika tano, kisha iwashe tena. Kuna pikipiki zinazowaka vizuri asubuhi na kukataa zikiwa za moto. Ukipata ya namna hiyo, itakuacha na mgonjwa katikati ya safari.

Ukiwa na mbili mbele yako

Wengi hukosea hapa. Huijaribu moja Jumatatu Songea mjini, nyingine Ijumaa kijijini, halafu wanalinganisha kumbukumbu. Fanya hivi: siku moja, njia moja, mzigo mmoja, mwendeshaji mmoja. Na ukimaliza ya pili, rudia ya kwanza. Ya pili mara nyingi huonekana tamu zaidi kwa sababu mwili umeshaizoea njia. Ukiirudia ya kwanza ndipo utajua kama utamu ulikuwa wa pikipiki au wa mazoea.

Andika kwenye simu palepale: ilipanda mlima kwa gia gani, ilisimama kwa umbali wa hatua ngapi, mgongo na mikono vilijisikiaje, ulisikia nini. Kama muuzaji anakubali, jaza tangi mpaka juu, nenda kilomita zisizopungua 20, jaza tena, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Hesabu hiyo ni ya njia yako, na ina ukweli kuliko ya kwenye tangazo.

Zikikaribiana, waamuzi wawe vipuri na fundi. Nenda kwenye duka la vipuri la karibu na kwako uulize cheni na sproketi, breki shuu, waya wa klachi na ringi za pikipiki hiyo. Pikipiki nzuri ambayo kipuri chake kinaagizwa Dar es Salaam itakaa uani wiki mbili msimu wa mavuno, na wiki hizo mbili zina bei yake.

Kama unanunua mpya

Duka nyingi hazikuruhusu kuondoka na pikipiki mpya kwa majaribio. Usikate tamaa. Nenda kwenye kijiwe cha bodaboda, tafuta watatu wenye aina hiyo hiyo, lipa nauli ya kawaida na uombe wakupeleke kwenye mlima wako. Muulize kila mmoja amekaa nayo muda gani, ameshabadilisha nini, na kwa siku anaweka mafuta ya shilingi ngapi. Akikuruhusu uiendeshe na una leseni, vizuri zaidi. Jibu la mtu mmoja linaweza kuwa la mapenzi. Majibu ya watatu yakifanana, yashike.

Dukani, kalia ile ile utakayoondoka nayo, iwashe, jaribu taa, honi, indiketa na breki, na usome masharti ya waranti. Waranti nyingi hutaka uirudishe kwa huduma ya kwanza kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Ukiipita, unaweza kuipoteza haki hiyo.

Na wewe kijana unayechukua pikipiki ya mkataba, majaribio yanakuhusu zaidi. Utaipeleka hela kila siku au kila wiki kwa muda mrefu kabla haijawa yako. Ijaribu kabla ya kusaini, na mkataba uandike nani analipia injini ikifa katikati, na itakuwaje ukiugua. Hesabu unayopeleka haipungui kwa sababu pikipiki iko gereji.

Karatasi nazo zijaribiwe

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, na namba ya injini, na zile zilizo kwenye kadi ya usajili. Kila tarakimu. Namba iliyokwaruzwa au kugongwa upya ni sababu ya kuondoka bila majadiliano.

Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, naye akuonyeshe kitambulisho. Kama anamuuzia mtu mwingine, mwenye jina aje. Hakiki bima kwa namba ya usajili kupitia mfumo wa TIRA, na faini kupitia mfumo wa polisi wa usalama barabarani, maana deni la faini hufuata namba ya pikipiki. Andikeni mkataba wa mauziano wenye mashahidi, kisha fuateni taratibu za TRA za kubadilisha umiliki. Usiridhike na kukabidhiwa kadi yenye jina la mtu mwingine ukaiweka kabatini. Siku pikipiki ikiibwa au ikipata ajali, kadi itasema si yako.

Hifadhi haya kwenye simu

Moja: Je, injini ilikuwa ya baridi nilipoiwasha?
Mbili: Je, miguu yangu inafika chini?
Tatu: Je, nimepanda mlima wangu na mzigo wangu?
Nne: Je, nimeshuka, na imesimama pale nilipotaka isimame?
Tano: Je, imewaka tena ikiwa ya moto?
Sita: Je, vipuri na fundi wapo karibu na kwangu?
Saba: Je, namba, jina, bima na faini vyote viko sawa?

Jibu likiwa "hapana" kwa swali la kwanza au la tano, jadili bei ukiwa na fundi pembeni. Likiwa "hapana" kwa la nne, breki zitengenezwe kwanza ndipo mzungumze. Likiwa "hapana" kwa la saba, mshukuru muuzaji, panda basi urudi nyumbani na fedha yako. Pikipiki nyingine itapatikana wiki ijayo. Mavuno mengine ni mpaka mwakani.